Kutoka Kariakoo hadi Guangzhou: namna ya kuagiza mzigo China bila tofauti za desturi kukula mtaji

Mikoba 1,200 ndiyo iliyonifundisha. Sampuli niliyoishika dukani Guangzhou ilikuwa na zipu nzito ya chuma, bitana nzuri na vishikio vilivyoshonwa mara mbili. Katoni zilipofunguliwa Dar es Salaam, zipu ilikuwa ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na bitana ukiipuliza inapepea. Nilimpigia simu yule mama aliyeniuzia nikiwa nimepandwa na hasira. Hakukana, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza swali moja tu: "Si wewe uliyesema ipungue yuan tatu?"

Ilinichukua muda kulielewa swali lile. Pale Kariakoo ukimbana muuzaji bei unakula faida yake, kwa sababu bidhaa ipo rafuni na haibadiliki. Kule nilikoagiza, mkoba ulikuwa bado haujashonwa. Nilipoomba bei ishuke, kwake yeye nilikuwa nimechagua zipu nyingine. Mimi nikatoka dukani najiona hodari wa kupatana bei, yeye akaandika oda ya mkoba wa bei ndogo. Kila mmoja alifuata desturi ya soko la kwao, na mtaji uliokatika ulikuwa wangu.

Tangu siku ile naamini kwamba tofauti za utamaduni zinazoumiza biashara hazipo kwenye vijiti vya kulia wala namna ya kuinama. Zipo kwenye mambo ambayo mtu hayasemi kwa kuwa kwao kila mtu anayajua. Nawaandikia wanaotoka Dar, Mombasa, Nairobi, Kampala, Bujumbura au Goma kwenda kununua Guangzhou, Yiwu, Foshan au Shenzhen, na wanaoagiza kwa simu bila kusafiri. Kazi kubwa katika kila hatua ni moja: kulisema lile ambalo nyumbani usingelisema.

Hatua ya kwanza: andika yasiyosemwa kabla hujatafuta muuzaji

Kaa chini na bidhaa yako mkononi. Kama ni birika la umeme, jiulize mteja wako anachukulia nini kuwa cha kawaida. Anachukulia kwamba plagi itaingia ukutani. Tanzania, Kenya na Uganda tunatumia pini tatu za mraba; Bujumbura na Goma wanatumia za duara. Birika la soko la China lina pini bapa zisizoingia kokote huku kwetu. Muuzaji hatakuuliza, maana kwake plagi ni plagi. Usipoandika utapokea vichwa vya kugeuzia plagi, vikiwa vya bei rahisi kabisa, au hutapokea chochote.

Nguo zina mtego wake. XL ya soko la ndani la China mara nyingi hubana mtu anayevaa L kwetu, na mama wa Kiafrika ana nyonga ambazo kiwanda kile hakijawahi kuzipima. Acha herufi, andika sentimita: kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Shuka na pazia ziandikwe kwa gramu za kitambaa kwa kila mita ya mraba. Sufuria iandikwe kwa unene wa milimita. Chuma kisichoshika kutu kina madaraja: 201 ni cha bei nafuu na hushika kutu mapema, 304 kina nikeli zaidi na kinadumu. Ukisema tu "chuma kizuri" umemwachia mwenzako achague, naye atachagua kulingana na bei uliyotaja. Waya wa umeme ni hatari zaidi, kwa sababu upo wa shaba tupu na upo wa alumini iliyopakwa shaba juu. Ukiutazama kwa nje hutautofautisha, na huu wa pili unaweza kumchomea mtu nyumba. Hapo sikuombi uandike, nakusihi.

Karatasi hiyo iwe moja, yenye picha, vipimo na namba. Itafsiriwe Kichina na mtu, si simu peke yake. Wanafunzi wetu wanaosoma vyuo vya China wengi wanaifanya kazi hii kwa malipo ya haki, na wanajua maneno ya sokoni kuliko kamusi.

Hatua ya pili: fuata kalenda mbili kwa pamoja

Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Serikali hutoa likizo ya siku chache, lakini viwanda husimama wiki mbili hadi nne, kwa kuwa wafanyakazi wametoka mikoa ya mbali na hiyo ndiyo nafasi yao kubwa ya mwaka ya kuwaona wazazi na watoto. Baadhi hawarudi, hubadili kiwanda hukohuko. Kwa hiyo wiki za kabla ya sikukuu kazi hufanywa kwa haraka, na wiki za baada yake hufanywa na mikono mipya. Mzigo ulioshonwa nyakati hizo ukague mara mbili. Oktoba nayo ina likizo ya taifa kuanzia tarehe 1, karibu wiki nzima.

Sasa weka juu yake kalenda yetu. Mwaka 2027 Mwaka Mpya wao ni tarehe 6 Februari. Ramadhani inatarajiwa kuanza siku mbili tatu baada ya hapo, na Idi kuwa karibu na tarehe 10 Machi, mwezi ukiandama. Maana yake ni kwamba anayeuza nguo za Idi hana nafasi ya kusema "nitaagiza Januari". Hesabu kwa kurudi nyuma. Mzigo uwe dukani mwanzoni mwa Februari. Toa wiki mbili za bandari na kliaring, toa mwezi na siku kadhaa za baharini, toa siku kumi za kusubiri kontena lijae kama unachangia na wengine, toa mwezi wa kiwandani. Unafika mwanzoni mwa Novemba 2026, na hapo sampuli iwe imeshakubaliwa. Ndiyo kusema safari yako ni Oktoba. Bahati nzuri, maonyesho makubwa ya Guangzhou yanayofanyika Pazhou, yaliyoanza mwaka 1957, huwa na awamu ya vuli inayofunguliwa katikati ya mwezi huo, na nyingine ya machipuko katikati ya Aprili.

Mwenye kiwanda hatakukumbusha Ramadhani, haijui. Wewe ndiye wa kumwambia: "Baada ya tarehe hii mzigo huu hauna thamani kwangu," kisha umpe sababu. Nimeona mara nyingi sababu ikibeba uzito kuliko msisitizo. Ukimwambia hii ni sikukuu ambayo kila mtoto kwetu anavaa nguo mpya, ataelewa mara moja, kwa sababu kwao Mwaka Mpya ni hivyohivyo.

Hatua ya tatu: kuingia, kusalimiana, kujulikana

Hapa kuna China mbili. Duka la jumla Yiwu au Sanyuanli, eneo la masoko ya jumla Guangzhou, lina mwendo wa kasi: muuzaji anataka kujua modeli gani na pisi ngapi, basi. Ukianza habari za nyumbani na za watoto kama tulivyolelewa, atadhani hununui. Kiwandani ni kinyume chake. Utapewa chai vikombe vidogovidogo, utaulizwa umetoka wapi, biashara ina miaka mingapi, una watoto wangapi. Mwafrika Mashariki hapo yuko nyumbani kabisa, kwa kuwa nasi hatuingii kwenye shauri kabla ya salamu. Usiharakishe. Hiyo chai ndiyo usaili wako.

Majina: ukoo hutangulia. Mchezaji wa mpira wa kikapu Yao Ming ni wa ukoo wa Yao. Ming ndilo jina lake. Mwite mtu kwa ukoo na cheo chake: mwenye kampuni wa ukoo wa Wang ni Wang zong, meneja ni Wang jingli. Hutamwita mzee wa kwenu kwa jina lake kavu, na huku usifanye hivyo. Kadi ya biashara ipokee kwa mikono miwili na uisome kabla ya kuiweka. Hilo nalo halihitaji somo kwa mtu aliyelelewa kupokea kitu cha mkubwa kwa mikono miwili.

Fungua WeChat kabla ya kusafiri. WhatsApp na Google hazipatikani China kwa njia ya kawaida, na akaunti mpya ya WeChat inaweza kudai mtu mwingine mwenye akaunti akuthibitishe. Humo ndimo biashara yote hufanyika: sauti, picha, video, hata kukumbushana malipo. Kampuni ya Marekani, eBay, ililipa gharama ya kutoelewa jambo hili. Iliingia China mapema na kununua soko la mtandaoni la EachNet, lakini ikaendelea na taratibu za kwao zilizowaweka mnunuzi na muuzaji mbalimbali. Taobao, iliyoanzishwa mwaka 2003, ikawapa watu nafasi ya kuchati na kupatana bei kabla ya kulipa. Kufikia mwisho wa 2006 eBay ilikuwa imefunga tovuti yake ya China. Wachina wanataka kumsikia mtu kabla ya kumpa fedha. Nawe mwandikie muuzaji hata siku ambayo huna oda.

Hatua ya nne: bei

Nilishasema lililo kubwa: kiwandani bei ndiyo inayotengeneza bidhaa. Ukiuliza "shilingi ngapi?" utajibiwa kwa swali: "Unataka ya bei gani?" Wengi wetu tunadhani huo ni ujanja wa kutupima mfuko. Mara nyingi ni swali la kweli kabisa, kama fundi cherehani anavyokuuliza umeleta kitambaa gani. Modeli moja inaweza kutoka kwa bei tano, na zote tano ukizitazama kwenye picha zinafanana.

Kwa hiyo badilisha mpangilio. Kwanza kubalianeni vipimo, karatasi ile ya hatua ya kwanza. Kisha omba bei. Kisha, ukitaka ishuke, uliza kwa maneno haya: "Vipimo vibaki hivihivi. Nini kinaweza kupunguza bei?" Hapo utaona mtu anafunguka. Atakuambia ukichukua rangi mbili badala ya sita bei inashuka, maana kupaka rangi kuna kiwango cha chini. Atakuambia ukiondoa boksi la kila pisi na kufunga kwa dazani, inashuka. Atakuambia ukisubiri wiki mbili nafuu ipo. Hizo ni nafuu halali, hazigusi zipu. Na akishusha bei haraka bila kugusa jambo lolote, simama umuulize nini kimebadilika.

Kiwango cha chini cha oda nacho kina maelezo yake. Akisema pisi 500 na wewe una mtaji wa 200, usimwite mgumu. Muulize kama ana kitambaa kilichobaki cha oda nyingine, au kama kuna mteja mwingine wa rangi ileile. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaosafiri wawili watatu wakaunganisha oda wanapata bei ya 500, halafu wanagawana hotelini.

Kupatana bei kwenyewe kuwe kwa kalkuleta. Yeye anaandika, wewe unafuta unaandika yako. Usilie njaa, usiseme bidhaa yake mbovu. Kwetu kuikejeli bidhaa ni sehemu ya utani wa sokoni na muuzaji anacheka. Huko unamvunjia heshima mbele ya wafanyakazi wake, na wao neno lao la heshima hiyo ni mianzi, uso. Mtu aliyepoteza uso mbele ya watu wake haoni sababu ya kukusaidia tena.

Hatua ya tano: "ndiyo" yao na "ndiyo" yetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hasara nyingi nilizoziona kwa wenzangu zimetokea hapa.

Sisi Waswahili hatuna haki ya kuwashangaa Wachina kwa kutosema "hapana". Fundi wa kwetu akisema "niko njiani" unajua hajaoga. Tukisema "inshallah" inaweza kuwa ahadi, inaweza kuwa kukataa kwa adabu, na msikilizaji anatambua kwa sauti tu. "Tutaona", "usijali", "nitakujulisha": kila moja ina uzito wake na sote tunaujua. Wachina wana orodha yao ya namna hiyohiyo. Tatizo ni kwamba sauti haitafsiriki.

Mei wenti maana yake hakuna tatizo. Ichukue kama "nimekusikia, nataka tuendelee". Yinggai keyi, inapaswa kuwezekana, maana yake bado hajajua. Akisema watalijadili kwanza, au jambo hilo si rahisi sana, au halifai kidogo, amekataa. Na kuna neno chabuduo, yaani karibu sawa, tofauti si kubwa. Ukilisikia kuhusu rangi, unene au tarehe, acha chai mezani na uliza tofauti hiyo ni kiasi gani kwa namba.

Dawa yake ni kuacha kuuliza maswali yanayojibika kwa ndiyo. Badala ya "mzigo utakuwa tayari tarehe 10?" uliza "leo mmefikia pisi ngapi?" Badala ya "kitambaa ni kilekile?" sema "nitumie video ya kitambaa kikiwa juu ya mizani". Badala ya "mnaweza?" uliza "nani atashona, kwa siku ngapi?" Mtu asiyependa kukuambia hapana atakuonyesha hapana yake kwa namba bila kujivunjia uso.

Jihadhari pia na maswali ya kukanusha. Kwa Kiswahili nikikuuliza "hujapakia?" unanijibu "ndiyo, sijapakia". Mchina naye anajibu vivyo hivyo. Kiingereza hujibu kinyume. Basi wewe na yeye, ambao mngeelewana vizuri mngekuwa na lugha moja, mnakutana kwenye Kiingereza cha kuunga, anakuandikia "yes", na hakuna ajuaye kontena limepakiwa au halijapakiwa. Uliza wazi: "Kontena limepakiwa, au bado?"

Usitumie mkalimani wa muuzaji kwenye bei. Na ukiwa na wakala wako mwenyewe, mlipe vizuri na waziwazi, kwani wakala asiyelipwa na mteja hulipwa na duka, na kamisheni hiyo imo ndani ya bei yako hata kama huioni.

Hatua ya sita: namba, saa na tarehe

Sisi tuna elfu na laki. Wao wana wan, yaani elfu kumi, na kila kinachozidi hapo kinahesabiwa kwa hiyo. Elfu thelathini ni wan tatu. Laki moja na nusu ni wan kumi na tano. Anayegeuza kichwani kwa haraka, hata akiwa mkalimani mzuri, huangusha sifuri. Namba zote kubwa ziandikwe kwa tarakimu.

Vidole pia vinadanganya. Mchina akikuonyesha kidole gumba na cha shahada vimenyooka, hiyo ni nane. Wengi wetu tunaona mbili, tunafurahi, tunatoa noti. Gumba na kidole cha mwisho ni sita.

Saa ndiyo mtego wa Waswahili peke yetu. Ukiiandikia programu ya kutafsiri "saa tatu asubuhi", inaweza kumpelekea mwenzako 03:00, yaani saa tisa ya usiku. Andika 09:00, na useme ni saa za nani. China nzima ina saa moja, iliyotangulia Afrika Mashariki kwa saa tano, na kwa Goma, Bukavu, Kigali na Bujumbura kwa sita. Ukiwa Dar, saa moja hadi saa tatu asubuhi yako wao wako kwenye chakula cha mchana, na wengi hulala kidogo. Kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana ndio muda wako mzuri. Baada ya hapo wanafunga kazi.

Tarehe wao huanza na mwaka. 10/12 haimwambii mtu lolote la uhakika, andika 2026-12-10.

Hatua ya saba: mezani na zawadi

Kama huli nguruwe au hunywi pombe, sema mapema, kabla hawajaagiza chakula. Ukikataa sahani ikiwa mezani unamwaibisha mwenyeji wako. Ukisema siku moja kabla unampa nafasi ya kukuonyesha ukarimu. Neno la kutafuta ni qingzhen, yaani chakula cha Waislamu. Migahawa ya tambi ya Lanzhou imeenea kila mji. Guangzhou yenyewe ina msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa mikubwa ya kale China, na utawakuta humo ndugu zetu wengi Ijumaa. Kwenye kugonganisha glasi, kinachoheshimiwa ni kuinuka na kugonga. Wana msemo wa kutumia chai badala ya pombe, nao unakubalika.

Zawadi iwe ndogo na ya kwetu. Kahawa ya Kilimanjaro, karafuu za Zanzibar, picha ya Tingatinga. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikishia mfalme Yongle twiga, na Wachina wakamwona kuwa ni qilin, mnyama wao wa heri. Picha ya twiga bado inaanzisha mazungumzo mazuri na mzee anayeijua historia. Usitoe saa ya ukutani, maana kwao "kutoa saa" kunatamkwa sawa na kumzika mtu. Usifunge kwa karatasi nyeupe, rangi ya msiba. Usitoe vitu vinne, kwa kuwa nne inakaribiana na "kifo". Nane inapendwa, ndiyo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008. Asipoifungua mbele yako usidhani ameidharau. Pembe za ndovu au kitu chochote cha mnyamapori usibebe kabisa.

Hatua ya nane: karatasi, muhuri na fedha

Huenda urafiki umekolea, na huenda umeitwa lao pengyou, rafiki wa siku nyingi. Andikianeni. Wapo kwetu wanaoona kudai maandishi ni kumtilia mtu shaka. Mfanyabiashara wa Kichina aliyezoea kuuza nje haoni hivyo. Kwake karatasi ni ya mhasibu na afisa wa forodha, uhusiano ni wa kwenu wawili, na vyote viwili vinahitajika.

Profoma, yaani ankara ya awali, iwe na lugha mbili, iambatane na karatasi ya vipimo, na igongwe muhuri mwekundu wa duara wa kampuni. Huko muhuri una nguvu kuliko saini. Jina la Kichina kwenye muhuri, kwenye leseni ya biashara yenye namba ya tarakimu na herufi 18, na kwenye akaunti ya benki liwe moja. Duka dogo la sokoni kukupa akaunti ya mtu binafsi ni kawaida kwa fedha ndogo. Kiwanda kikifanya hivyo kwa fedha za kontena, simama. Na akaunti "ikibadilika" ghafla kwa barua pepe, piga simu ya video umwone mtu unayemjua akiitaja kwa mdomo wake. Wezi hujificha ndani ya barua pepe hasa.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 mzigo ukiwa tayari. Hiyo 70 ndiyo sauti yako. Usiitoe kabla ya ukaguzi, hata akikuambia meli inaondoka kesho.

Hatua ya tisa: ukaguzi

Nenda au mtume mtu. Weka sahihi yako kwenye sampuli mbili, moja abaki nayo, moja ubebe wewe. Siku ya ukaguzi usifungue katoni ya juu uliyoandaliwa. Chagua za chini na za katikati. Pima, hesabu, vuta zipu mara hamsini. Kwa Tanzania na Kenya bidhaa nyingi zinatakiwa kupata cheti cha ulinganifu kabla ya kupakiwa, kwa hiyo waulize TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya), mashirika ya viwango, kuhusu bidhaa yako kabla hujalipa advansi, maana mwenye kiwanda kwa kawaida anajua masharti ya Ulaya na Marekani kuliko yetu.

Ukaguzi usiuombee radhi. Umwambie toka siku ya kwanza kwamba utafanyika, ili usionekane kama tuhuma ya ghafla.

Hatua ya kumi: kasoro ikitokea

Mvute pembeni mwenye kazi, au mwandikie yeye peke yake, kamwe si kwenye kundi la WeChat lenye wafanyakazi wake. Anza na picha na idadi: pisi 90 kati ya 1,200, zipu imekatika, katoni namba hizi. Kisha muulize yeye angependa tulimalize vipi. Mara nyingi atapendekeza fidia kwenye oda ijayo. Kwao ni njia ya heshima ya kukubali kosa bila kulitamka, na pia ya kukurudisha. Ikubali kama una nia ya kurudi kweli na ukaiandika kwenye profoma mpya. Kama huna, dai irekebishwe sasa, ukiwa bado umeshika ile 70. Sauti ya upole na msimamo mgumu vinaweza kukaa pamoja. Wazee wetu wa baraza walikuwa hodari wa hilo.

Mzigo ukifika salama, mtumie picha ya duka likiwa limejaa. Wao hufurahi sana kuona bidhaa yao ilikofika. Mkesha wa Mwaka Mpya wao mwandikie salamu, hata kama huna oda mwaka huo.

Kisha atakuuliza kuhusu oda ya pili: "Kama ile ya mwanzo?" Hapo wengi tunajibu ndiyo, kwa kuwa tumeshajuana. Kitambaa cha mwanzo kinaweza kuwa kimekwisha, fundi amehama, bei ya pamba imepanda, na yeye amejiambia kwamba rafiki ataelewa. Mtumie tena karatasi ileile, tarehe mpya, na picha ya zipu.